Banda jipya la mama, Singida
Ukishuka stendi ya Singida, kuku wa kienyeji wanakulaki kabla ya ndugu: wamefungwa miguu, wanasubiri basi la Dar es Salaam. Kwetu hakukuwa na hata mmoja. Miezi minne mama alimuuguza baba hospitalini Dodoma. Chanjo ya kideri, tone moja jichoni kila miezi mitatu, ikasahaulika. Mimi ninayeandika habari za chanjo kila wiki sikuuliza. Wakafa wote.

Jumamosi tuling'oa miti iliyoliwa na mchwa, tukachoma mbolea ya zamani, tukapaka chokaa. Baba, bado dhaifu, alikaa kivulini akinyoosha misumari iliyopinda.

"Tutaanza na mitetea watano," mama alisema. "Na tarehe ya chanjo uiweke kwenye simu yako, mwanangu."