Safari kwa Kimo cha Mtoto

Watu wengi hudhani ya kwamba kumpeleka mtoto mdogo matembezi ni jambo jepesi: mtu hutia fedha mfukoni, humshika mtoto mkono, huenda zake. Mtu mzima aweza kusafiri hivyo, kwa sababu akiona njaa huvumilia, akichoka huketi, na akikosa alichokifuata hujiliwaza kwa kingine. Mtoto wa miaka minne hana akiba hiyo ya subira. Njaa yake ni ya sasa, usingizi wake ni wa sasa, na hofu yake hujaza dunia yote. Kwa hiyo amwandaliaye mtoto safari hana budi kufanya kazi ya kuinama: kuitazama njia yote kutoka kimo cha mtoto, si kutoka kimo chake mwenyewe.

Jambo hili walilijua hata waliojenga bustani kubwa za michezo na maajabu. Bustani ya Tivoli, katika mji wa Copenhagen nchini Denmark, ilifunguliwa mwaka 1843, na hata leo watu huingia kwa furaha. Iliyovuma kupita zote ni Disneyland, iliyofunguliwa Julai 17, 1955, mjini Anaheim, katika jimbo la California, Marekani. Mwenyewe Walt Disney alisimulia ya kwamba wazo la bustani hiyo lilimjia alipokuwa ameketi kwenye benchi huko Los Angeles, akila njugu, huku binti zake wawili wakipanda farasi wa mbao wanaozunguka. Watoto walicheza, naye mzazi alingoja tu. Akatamani pawe na mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Katika bustani za namna hiyo, kwenye bembea nyingi zilizo kali, husimamishwa kipimo mlangoni. Mtoto asiyefikia alama hapandi, hata kama baba yake amelipa na amevuka bahari kuja. Mzazi mwenye busara humpima mtoto nyumbani kwanza, ndipo amwahidi.

Mimi ni mwalimu, na mshahara wa mwalimu haufiki California. Lakini kipimo kile chaweza kusimamishwa penye safari yoyote, nami nilikisimamisha penye yangu.

Nitakueleza kwa nini safari hiyo ilikuwa nzito moyoni mwangu. Binti yetu alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, kazi ilinipeleka katika kaunti ya mbali, na mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa akifanya kazi ya zamu mjini. Mtoto akalelewa na nyanya yake, yaani mama yangu, katika nyanda za baridi karibu na Nyahururu. Alikuwa na afya, alikuwa na adabu, wala hakukosa upendo. Ila mimi alinijua kwa likizo tu. Nilipofika nyumbani alikuwa akijificha nyuma ya leso ya nyanya yake, na siku moja nilimsikia akiuliza kwa sauti ya chini, “Nyanya, mgeni huyu ataondoka lini?” Hakusema kwa ubaya. Kila mara aliponiona nilikuwa nimefika, na kila mara niliondoka. Mtu wa namna hiyo ndiye aitwaye mgeni. Mwaka 2022 nilipata kituo karibu na nyumbani, na ilipasa Januari iliyofuata mtoto aje kukaa nasi aanze masomo ya chekechea. Sikupenda aanze maisha mapya mikononi mwa mgeni. Ndipo mimi na mke wangu tukaazimu kumchukua safari ya siku chache mwezi wa Desemba.

Swali letu la kwanza halikuwa, “Mahali gani pana sifa?” Lilikuwa, “Mtoto huyu apenda nini, naye aogopa nini?” Aliyeweza kulijibu ni mama yangu, nasi tulimwuliza kwa unyenyekevu. Akasema mtoto hupenda vidudu na wanyama, huweza kumfuata konokono asubuhi nzima. Lakini makelele humliza, na kupandishwa juu hakutaki. Basi viwanja vyote vya bembea na muziki wa kishindo vikatoka katika hesabu. Tukachagua Haller Park, iliyoko Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ambako kuna wanyama, miti na njia za kutembea kwa miguu.

Swali la pili lilikuwa la fedha. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa miezi kumi na miwili tuliweka shilingi 1,500 kila mwezi, zikawa 18,000. Tuliamua kwamba theluthi moja haitaguswa isipokuwa kwa ugonjwa au dharura, na zilizobaki ndizo za safari. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, ilitusaidia sana. Mwaka ule nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa umri wa binti yetu; kwa hiyo kwenda na kurudi kulitugharimu 5,000. (Januari 2024 nauli ya mtu mzima ilipandishwa ikawa 1,500.) Malazi hatukulipa, kwa kuwa shemeji yangu akaa Kisauni, naye alitufungulia mlango wake. Sisi hatukwenda mikono mitupu: tulimchukulia viazi na kabichi za kwetu.

Swali la tatu lilikuwa la mwili wa mtoto. Aliyezaliwa penye baridi hupata taabu penye joto la Desemba la pwani, na mahali pasipo malaria humfanya mtu asahau mbu. Mke wangu kwa ujuzi wa kazi yake alitangulia kumwona daktari, akafunga chandarua, nguo za pamba, kofia, na chupa ya maji ambayo mtoto aliweza kuifungua mwenyewe. Tukapanga ya kwamba kutembea kutakuwa asubuhi, kulala kutakuwa mchana, na kila siku itakuwa na jambo kubwa moja tu. Mtu mzima akiona siku yenye jambo moja huiita tupu. Kwa mtoto ni siku iliyojaa pomoni.

Swali la nne, lililo gumu kuliko yote, lilikuwa la hofu. Nilichukua karatasi nikachora vyumba vitano, kila chumba siku moja. Katika cha kwanza nilichora matatu. Katika cha pili, gari la moshi. Katika cha tatu, twiga. Katika cha nne, bahari. Na katika cha tano, gari la moshi tena, likifuatwa na nyumba ya nyanya yenye moshi juu ya paa. Kila jioni mtoto angefuta chumba kimoja kwa kalamu, aone kwa macho yake ya kuwa safari ina mwisho na nyumba ya nyanya haijahama. Nilimweleza pia mambo ambayo yangeweza kumshtua. Katika kituo cha Nairobi mizigo ya abiria hupangwa chini na mbwa huja kuinusa. Nilimwambia mapema ya kwamba mbwa wale wako kazini kama askari. Walipokuja alinishika suruali, akawatazama, wala hakulia.

Vilevile nilimsimulia hadithi, na hadithi ile ni ya kweli. Mwezi wa Desemba 2004, wakati mawimbi ya tsunami yalipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko alionekana baharini karibu na Malindi, amepotewa na wenziwe. Watu walimwokoa kwa nyavu na jasho jingi, akapelekwa Haller Park, akapewa jina la Owen. Kule alimkuta kobe mkubwa, mzee wa miaka ipatayo 130, ambaye jina lake lilikuwa Mzee. Kiboko akamkimbilia kobe, akajibanza nyuma yake kama kwamba ni mama yake. Kobe hakupenda; alifoka, akajivuta kwenda mbali. Kiboko akamfuata. Siku zikapita, nao wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja, hata habari zao zikaenea duniani, mpaka mwaka 2007 Owen alipopelekwa kukaa na kiboko mwenzake. Binti yangu alitaka hadithi hiyo kila usiku, na kila usiku aliuliza kobe alikubali siku gani. Nilimjibu kwamba hakuna aliyeijua siku yenyewe.

Siku ya tatu tuliingia bustanini mapema. Twiga, ambaye tulikuwa tumemtumainia, alimshinda. Wageni hupewa chakula cha kumlisha mkononi, na ulimi wake ni mweusi, una urefu wa karibu nusu mita. Ulipotoka, mtoto alipiga ukelele akakataa kukaribia. Hatukumlazimisha, wala hatukumwambia kwamba tumelipa. Tuliondoka polepole tukafuata njia iliyo chini ya mivinje, na hapo, juu ya majani makavu, akamwona jongoo.

Akachutama. Nami nikachutama. Mke wangu akaenda kukaa kivulini, akatuacha. Nilimweleza binti yangu ya kwamba mahali pale palikuwa shimo tupu jeupe, lililochimbwa mawe ya matumbawe kwa ajili ya kutengeneza saruji. Kwamba mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Kwamba kati ya aina 26 zilizojaribiwa tatu tu zilistahimili, mmojawapo ukiwa mvinje. Na kwamba majani ya mvinje yalikaa juu ya mawe bila kuoza, hata walipoletwa majongoo kuyala na kuyageuza udongo. “Yaani huyu ndiye aliyetengeneza udongo?” akauliza. Nikamwambia naam, yeye na ndugu zake. Tulimtazama kwa muda wa nusu saa hivi. Kisha jongoo akaingia chini ya jani, na mtoto, bila kuniangalia, akasema, “Baba, huyu sasa anakwenda kwao?” Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina hilo pasipo kuambiwa na mtu.

Msomaji, usinielewe vibaya ukadhani ya kwamba mpango wetu ulitimia. Mpango ulisema twiga. Lakini lau siku ile ingalikuwa na mambo sita, tungalimvuta mkono mtoto tukimhimiza kwenda kwa mamba, na jongoo angalibaki pale peke yake. Kazi ya mpango mwema ni kulinda nafasi, ili jambo lisilotazamiwa lipate mahali pa kukaa.

Pengine wewe huna mtoto, lakini yamkini una mdogo wako. Siku utakapopewa kumpeleka kliniki, au kwa shangazi, au kwenye maonyesho ya kilimo, jiulize kabla ya kutoka: atakula nini, na saa ngapi? Atapumzika wapi? Ataogopa nini? Nami nitakuwa wapi atakapoogopa? Swali la mwisho ndilo kubwa, maana hofu ya mtoto haiondolewi na tiketi wala na ahadi, bali na mtu aliye karibu. Ukiisha kuyajibu hayo, funga mzigo wako, mshike mkono, mwende kwa mwendo wake.