Waliopigwa Picha Marangu

Familia ile ya Wamarekani ilifika Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1959, nikiwa darasa la pili. Baba wa familia hiyo alikuwa mchungaji. Mkewe alikuwa muuguzi, na ndiye aliyekuwa na kamera. Sote tulimwita Mama Mchungaji. Mama yangu alifua na kupiga pasi nyumbani kwao, kwa hiyo baada ya masomo nilikwenda kumsubiri, nikicheza na watoto wao hadi jua linashuka. Baada ya msimu mmoja wa mvua watoto wale walikuwa wakiongea Kichagga cha kwetu bila kubabaika.

Kupigwa picha hakukuwa jambo geni mlimani. Wamisheni wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja na kamera za miguu mitatu, na picha zao zilipelekwa Ujerumani ili waumini wa huko waone sadaka zao zinafanya kazi gani. Wajerumani walipoondolewa kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tena vya Pili, Walutheri wa Marekani wakaja kushika nafasi zao.

Mama Mchungaji alitumia filamu ya rangi ya Kodachrome. Hiyo hakuisafisha fundi wa studio mjini Moshi. Ilihitaji mitambo na dawa za kiwanda, hivyo ilitiwa kwenye kifuko chake, ikapelekwa posta na kuvuka bahari. Ilirudi baada ya wiki nyingi ikiwa slaidi, vipande vidogo vilivyobanwa kwenye fremu za karatasi ngumu. Yaani sura zetu zilifika Ulaya au Marekani kabla sisi wenyewe hatujaziona.

Usiku wa kwanza wa kuonyeshwa slaidi naukumbuka vizuri. Mama alikuwa ameinyoosha shuka nyeupe kwa pasi ya mkaa, ikatundikwa ukutani ukumbini. Jenereta ikawashwa nje. Ikatokea picha ya mnada wa baada ya ibada: mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mayai ndani ya kapu, na watu wakibishana bei. Kila sura ilipotambuliwa ukumbi ulilipuka kwa kelele. Kisha akatokea mzee wa kanisa tuliyekuwa tumemzika miezi michache nyuma, amesimama kando ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, maji yakipita miguuni pake. Ukumbi ukanyamaza. Mjane wake akainuka, akasogea hadi karibu na shuka, akasema, "Baba Mchungaji, niachie kidogo."

Mchungaji alijua kwamba mwanga wa projekta hula rangi ya slaidi. Akaiacha hapo hapo mpaka bibi yule aliporudi kukaa mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila zilipoonyeshwa slaidi, bibi aliomba ile ile, na hawakumnyima hata mara moja. Kwa hilo nawaheshimu mpaka leo.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, bendera ikasimikwa na mwenge kuwashwa kileleni Kibo, tulishangilia pamoja nao. Miaka michache baadaye wakarudi kwao.

Nilikuwa nimeshazeeka nilipopokea barua pepe ya binti yao. Wazazi wamefariki, yeye amebaki na masanduku ya slaidi, na alikuwa akizipitisha kwenye skana moja baada ya nyingine. Rangi zilikuwa hai ajabu, maana Kodachrome ikikaa gizani hudumu. Ile ya mzee kando ya mfongo ndiyo iliyopauka kuliko zote. Hakujua sababu. Nilimweleza.

Ila kulikuwa na jambo lililoniuma, nami nikamwandikia waziwazi. Pembezoni mwa kila slaidi yameandikwa maelezo kwa kalamu. Watoto wao wana majina, mbwa wao ana jina. Mama yangu, aliyewabeba watoto wale mgongoni walipougua malaria, ameandikwa "mfuaji". Wapiga matarumbeta wa usharika ni "bendi". Binti alijibu siku ile ile, akaomba tumsaidie kuandika upya.

Picha za zamani zaidi, zile za Leipzig, zimekwisha kuwekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California, na yeyote anaweza kuzitazama. Humo pia utakuta maelezo "mwanamke wa Kichagga" au "mzee wa Kichagga", basi. Nani wa kumuuliza sasa? Waliowafahamu wamelala migombani zamani. Za Mama Mchungaji bado zina mashahidi, lakini hawataishi milele, na ndiyo maana sipumziki. Nimekwenda na kompyuta kutoka kihamba hadi kihamba, yaani shamba la nyumbani hadi jingine, nikianza na walio wazee zaidi. Shangazi yangu haoni vizuri, lakini alimtambua shoga yake wa kipaimara kwa namna alivyofunga kitambaa tu.

Mama yangu sasa ameandikwa jina lake lote, na la baba yake, na la ukoo.

Kuna kijana mmoja amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe, uso umefichika nusu, na koo mbili zinamgombania. Nimewaambia wasubiri Desemba, watu wa mjini watakapopanda nyumbani kwa Krismasi. Kila upande umeapa kuleta shahidi wake.