Barafu Kavu na Ukungu wa Chumba cha Mama



Mvua za masika zinapokatika, nyumba zetu za Mji wa Kale huanza kutoa siri zake. Ukuta uliokuwa mweupe mwezi wa Machi huwa na madoa meusi ifikapo Juni, na harufu ya ukungu humpokea mgeni kabla ya mwenyeji. Sisi wa nyumba hii tuliizoea harufu hiyo tangu utotoni. Mwaka huu kifua cha mama yetu kilianza kumbana kila alfajiri, na daktari, kabla hajaandika dawa, akatuuliza: chumba anacholala kina unyevu?

Si swali la kubahatisha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima juu ya unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kuwa wakaao katika nyumba za namna hiyo hupatwa zaidi na kikohozi, pumu na maradhi mengine ya kupumua. Ukungu hurusha hewani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, na mwenye kuzivuta zaidi ni yule ashindaye ndani: mgonjwa, mzazi aliyejifungua, mtoto mchanga na bibi mzee.

Ndugu yetu aliyeko Maskati alipopata habari alitutumia video ya mashine isafishayo kwa barafu kavu. Mtu kavaa miwani na glavu, kashika mpira wenye mdomo wa chuma, na mbao nyeusi zinageuka mpya mbele yake. Hakuna maji wala sabuni. Mama akaitazama mara tatu. Baada ya swala ya isha akatuita, akaweka mkekani bahasha ya fedha alizokuwa akizidunduliza kwa ajili ya umra.

"Wanangu, Makka nitakwenda kwa kifua gani? Zichukueni hizi, mumwite mwenye mashine."

Tulimwomba wiki mbili. Bahasha ile ilikuwa jasho la miaka sita ya kushona na kupika mahamri, na hatukuona vyema kuifungua kwa sababu ya video.

Barafu kavu si maji yaliyoganda. Ni kaboni dayoksaidi, gesi ile ile tuitoayo kwa pumzi na itoayo povu katika soda, iliyogandishwa hadi ikawa nyuzi 78.5 za Selsiasi chini ya sifuri. Mfaransa Thilorier aliieleza mwaka 1835. Ajabu yake ni kuwa haiyeyuki ikawa majimaji. Hutoka katika ugumu ikawa hewa moja kwa moja. Hiyo ndiyo hikima waliyoishika mafundi wa ndege wa kampuni ya Lockheed huko Marekani, ambayo mwaka 1977 ilipata hati ya uvumbuzi wa kusafisha kwa punje za namna hiyo badala ya mchanga. Punje zenye ukubwa wa mchele hurushwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Zikigonga, uchafu hupoa ghafla, hunywea na kupasuka. Kisha punje hugeuka gesi na kutanuka takribani mara 800, zikaubandua uchafu ule kutoka chini. Baadaye hakuna mchanga wa kuzoa wala maji ya kukausha. Huko Marekani, nyumba ikiisha kukumbwa na mafuriko, kazi hii hufanywa sana juu ya mbao za paa na za chini ya sakafu, pembe ambazo mkono wenye brashi haufiki.

Hayo ndiyo yaliyokuwa katika video. Yasiyokuwamo tuliyapata kwa kuuliza. Ukungu uliobanduliwa haufi kwa kubanduliwa, hutawanyika, kwa hiyo chumba hufungwa kwa karatasi za nailoni na hewa yake huvutwa kwa mashine yenye chujio laini. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na katika chumba kisichopita upepo huweza kumkosesha mtu pumzi hadi akafa. Tukaviwazia vyumba vyetu vyenye vidirisha vyembamba, na watoto walalao mkekani. Punje zenyewe huunguza ngozi kama moto, na mngurumo wa mashine hauvumiliki bila vizibo vya masikio.

Shangazi yetu aliuliza kama barafu hiyo ingetosha kutwahirisha darini palipojaa mavi ya popo. Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Katika madhehebu yetu ya Kishafii najisi ya mahali huondolewa kwa maji, na mashine hata ikiondoa kila alama, jina lake ni usafi tu. Mwenye haja na zaidi amuulize sheikh wake.

Tukampata kijana afanyaye kazi hiyo viwandani, akakubali kuja kujaribu kwa malipo ya siku moja. Mama tukampeleka kwa jirani. Kwenye boriti za stoo tulishuhudia kwa macho: masizi na ukungu wa miaka vilipeperuka, mkoko ukatokea rangi yake ya udongo mwekundu, na hata alama za shoka zikaonekana. Kisha akaelekeza mdomo ule ukutani mwa chumba cha mama, pembeni, pa upana wa kiganja. Ukungu ulitoka. Rangi ikatoka nayo, na lipu ikaanza kumomonyoka. Kijana akazima mashine mwenyewe. "Mama zangu, ukuta huu una maji ndani. Nikiusafisha leo, mwakani mtaniita tena." Tulimshukuru kwa neno hilo kuliko kwa kazi.

Mzee fundi chokaa aliyekuja baada yake aligonga ukuta kwa vidole, akatuonyesha. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, nayo hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Wazee walizipiga lipu ya chokaa, ambayo huuacha unyevu utoke. Miaka ya nyuma nyumba nyingi za mtaa huu zilipigwa saruji juu yake ili zipendeze, na saruji huufungia unyevu ndani. Juu ya hayo, mfereji wa paa ulikuwa umetoboka na kumwaga maji yake papo hapo ukutani.

Basi saruji ilibanduliwa kwa patasi, mfereji ukazibwa. Misahafu iliyokuwa katika zidaka za ukuta ule, mmoja wake wa kuandikwa kwa mkono ambao marehemu babu alikuwa akisema umetoka Siyu, hatukuruhusu ikaribiwe na mashine yoyote. Tuliitoa kivulini penye upepo, tukapangusa majalada kwa brashi laini iliyo kavu, tukiwa na barakoa. Kurasa tumewaachia wajuao karatasi kongwe.

Kwa doa dogo, lisilozidi mita moja kwa mita moja, wataalamu wa mazingira wa Marekani husema mwenye nyumba aweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, akavaa glavu na barakoa, kisha akapakausha vizuri. Tunaongeza la kwetu: dada zetu wasichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, kwani mvuke wake ni sumu. Na godoro au zulia lililolowa likapita siku mbili bila kukauka, lisirudishwe chumbani.

Bahasha ya mama imepungua, haijakwisha. Yeye kwa sasa analala chumba cha mbele, na alfajiri kikohozi kimepungua, alhamdulillahi, ingawa dawa hajaiacha. Chumba chake tumekiacha wazi mchana kutwa, mawe yakiwa uchi kama ya nyumba inayojengwa. Fundi amekataa kupiga lipu mpya kabla ukuta haujakauka. Amesema tusubiri kaskazi, na kila Ijumaa hupita akaweka kiganja ukutani, akatikisa kichwa, akaenda zake msikitini.