Diani kwa IST

Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu amechoka, msikilize anavyolitamka neno "ufukweni". Sisi tulianza kulitamka tukiwa field, kila mmoja na shule yake, tukisahihisha madaftari usiku kwa tochi ya simu. Zanzibar wengi wetu tulishafika. Basi kwenye grupu la WhatsApp mtu akaandika: safari hii twende nje ya nchi. Na nje ya nchi inayofikika kwa bumu, wadau, mnaijua. Ndipo likatajwa jina la Diani.

Tulikuwa watano. CR, aliyepanga ratiba ya safari kama ratiba ya mitihani. Mchumi, mshika fedha, kwa sababu anasoma uchumi na pia kwa sababu ni bahili. Rumeti wangu. Mtanga, Mdigo wa Moa wilayani Mkinga, mtu wa maneno machache. Na mimi. Gari ni IST ya kaka yake Mchumi, tuliyopewa kwa masharti kuliko ya mkopo.

Anayetaka kufuata njia hii aanze na makaratasi. Wawili kati yetu tulikuwa na pasipoti, watatu walichukua hati za dharura za kusafiria. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, sisi tuliulizwa. Gari nalo lina safari yake: kadi ya gari, barua ya mwenye gari kama si lako, na bima ya kuvukia mpaka ambayo wenyewe wanaiita Yellow Card. Mchumi aliyaweka yote kwenye faili moja akalilalia njia nzima.

Tuliondoka Dar saa kumi alfajiri. Chalinze tuliipita kukiwa giza. Segera tukanywa supu, halafu tukaiacha barabara ya Moshi na kukata kulia kuelekea Tanga. Muheza tukanunua machungwa mpaka buti ikanuka shamba. Tulikuwa bado tunamenya pale Mtanga aliposema, kama mtu anayeomba dirisha lifunguliwe: "Mimi nina shangazi Ukunda. Jumamosi nitawaacha kidogo, nikamwone."

Ukunda ndio mji wenyewe wa Diani. Ukishuka kutoka hapo kwa tuktuk unafika baharini. Yaani huyu mtu alikaa kwenye grupu wiki tatu akitusikia tunapiga hesabu za malazi, na ana shangazi palepale!

"Mbona hukusema?" CR akauliza.

"Mlisema mnaenda nje ya nchi."

Tukacheka. Yeye hakucheka sana.

Horohoro tulifika saa sita mchana. Pale ni kituo cha pamoja: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kuhangaika, na upande wa pili panaitwa Lunga Lunga. Barabara ni ileile ya lami, minazi ileile, na wanawake waliokuwa wakiuza njugu walikuwa wakiitana Kidigo kama wale tuliowaacha nyuma. Kilichobadilika ni fedha. Mchumi alitutangazia kwamba shilingi moja ya huku ni kama ishirini zetu, na tangu hapo kila tulichotaka kununua alikizidisha kwa sauti.

Diani kwa kweli ni pazuri, sitaki kujifanya sikupapenda. Mchanga ni mweupe na laini kama unga wa sembe. Juu ya barabara ya hoteli zimefungwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, nami nilimwona mmoja akivuka taratibu, mkia ukining'inia, gari zote zikipita chini yake. Ufukweni kuna ngamia wa kukodi na vijana wanaokusalimia Kijerumani na Kiitaliano kabla hawajakutazama vizuri. Kwenye geti la hoteli moja mlinzi alituuliza kwa Kiingereza kama tuna nafasi tuliyoweka. Hatukuwa nayo, tukaingilia njia ya watu wote iliyobanwa kati ya kuta mbili, ukafika bahari hiyohiyo. Rumeti wangu alimwambia muuza madafu, "Naomba dafu moja, kaka," akacheka mpaka akaliweka panga chini. "Nyinyi wa Tanzania! Dafu ni la pesa, waliomba?"

CR alikuwa amepanga picha ya jua likizama baharini, saa kumi na mbili kamili. Tukajipanga. Jua likazama nyuma yetu, kwenye minazi. Pwani yetu yote hii inatazama mashariki, na watu watano wenye elimu ya chuo kikuu hatukuliwaza hilo.

Jumamosi Mtanga akavaa kanzu. Ndipo tukajua si ziara ya kupita tu, tukamwambia twende wote.

Haya ndiyo aliyotueleza ndani ya tuktuk. Baba yake alifariki katikati ya mwaka 2020. Mwezi Mei mwaka ule Kenya ilikuwa imeufunga mpaka wake na Tanzania kwa sababu ya korona, malori ya mizigo tu yakipita, na madereva wake wakipimwa. Shangazi, dada pekee wa marehemu, alikuwa Ukunda, mwendo usiofika saa mbili kwa gari mpaka Lunga Lunga. Hakuvuka. Mazishi aliyaona kwenye simu ya jirani, vipandevipande, kila mtandao uliporudi.

Nyumba yake iko ndani, mbali na barabara. Uani palikuwa na marundo ya makuti, kwa sababu kazi yake ni kushona makuti, na mengi huishia kwenye mapaa ya hoteli zile tulizozungukia ukuta. Alipomwona Mtanga hakusema karibu. Alimshika uso kwa mikono miwili akamgeuza upande mmoja, kisha upande wa pili, kama anayetafuta kitu. Wakaanza kuzungumza Kidigo, mimi nikiambulia neno hapa na pale. Kisha Mtanga akatoa kwenye begi kofia ya kushonwa kwa mkono, iliyofifia kwenye ukingo. Shangazi ndiye aliyeishona, miaka mingi nyuma, kwa ajili ya harusi ya kaka yake. Aliilaza magotini akawa anazifuata tundu zake kwa kidole, moja moja. Mchumi alitoka nje akajifanya anapokea simu.

Mimi nasoma ualimu, na somo langu moja ni historia. Miezi miwili kabla ya hapo nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikaandika ubaoni: 1886, Waingereza na Wajerumani wanagawana Afrika Mashariki, mstari kuanzia pwani karibu na mto Umba, kupindia Kilimanjaro, hadi Ziwa Victoria. Wanafunzi wakanakili. Ni swali la alama chache, likitoka. Pale uani nilikuwa nimekaa na mtu ambaye mstari ule ulimkatia mazishi ya kaka yake. Nikirudi darasani sijui nitaanzia wapi somo lile, ila si kwenye mwaka.

Tulikuwa tumepanga kukaa nusu saa. Tulikula mahamri na mbaazi za nazi, tukasomewa dua, tukala tena wali wa jioni. Mjukuu wake alinionyesha ramani kwenye kitabu chake cha shule. Kenya imejaa miji, na chini yake kuna nafasi nyeupe imeandikwa Tanzania. Akanipa kalamu niweke Moa. Niliiweka, karibu kabisa na mstari. Akaniuliza, "Si hapo tu?"

CR alifuta ratiba yote ya Jumamosi bila kuambiwa, na kwa anayemjua CR hilo ni tukio.

Jumapili tulirudi na buti iliyojaa nazi. Safari nzima ilituingia chini ya tulivyokadiria, kwa sababu milo miwili hatukulipa, na Mchumi ametutumia mchanganuo. Wiki iliyopita shangazi ameanza kushughulikia karatasi zake za kusafiria. Anataka kufika Moa likizo hii, aione kaburi. Mtanga ametuomba tumfuate mpakani. Tumekubali, ila mwenye IST amehesabu kilomita na kusema gari halitoki tena. Mwenye gari la kuazima tuonane kibweta cha pili, saa za chai.