Kasimu kangu ka butoni

Watoto wangu hapa Bukavu wananicheka juu ya kasimu kangu ka butoni. Eti nimebaki nyuma. (Na kweli, picha za wajukuu naziangalia kwenye simu zao.) Lakini mwezi uliopita umeme ulikatika siku mbili, simu zao kubwa zote zikazima. Usiku wa pili ni kangu tu kaliita. Ni dada, kutoka kijijini ambako intaneti haifiki, ameandika ujumbe mfupi: «Mama amezidiwa, tuma pesa ya pikipiki.» Nilituma palepale kwa kubonyeza namba, bila mega hata moja. Alfajiri mama alikuwa hospitalini, na betri yangu bado ilikuwa nusu. Asubuhi ile watoto hawakucheka. Sasa wameshaanza tena.