Mstari Mmoja wa Daftari

Tulipokuwa tukipanga upya daftari la waumini wa msikiti wetu, mzee mmoja wa Kibulushi aliomba kuuona ukurasa wa jamaa zake. Penye asili ya ukoo tulikuwa tumeandika "Pakistani". Akatabasamu. "Wanangu, babu yangu alishuka Mombasa kabla Pakistani haijazaliwa." Tuliahidi kusahihisha. Kwa kuona haya hatukumuuliza tuandike nini, tukaenda kusoma.

Kaskazini mashariki ya pwani ya Makran huinuka milima ya Jhalawan, kisha Sarawan, na mji wa Kalat ulio kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tangu 1666 nchi hiyo ilitawaliwa na Makhan wa Kibrahui. Kibrahui kimejaa maneno ya Kibulushi, Kiajemi na Kiarabu, ila shina lake ni moja na la Kitamil cha kusini mwa India, na wataalamu wangali wanabishana kilifikaje milimani kule.

Sensa ya 1901 iliwahesabu watu wa Jhalawan kuwa takriban 224,000, wengi wao wafugaji. Baridi ikikaza, huteremka na kondoo na mbuzi hadi uwanda wa Kachhi. Uwanda huo wenyewe ulikuwa diya: Khan Abdullah aliuawa vitani na watawala wa Sindh, na mwaka 1740 Nadir Shah wa Uajemi akawapa warithi wake ardhi ile. Sisi tuliozoea kusoma mlango wa diya kwa hesabu ya ngamia tulisita hapo kwa muda mrefu.

Mwanawe, Nasir Khan, aliyetawala 1749 hadi 1794, ndiye aliyemkabidhi Gwadar Sultan bin Ahmad wa Oman, baba yake Seyyid Said. Bandari hiyo ilibaki mikononi mwa Oman hadi 1958, na askari wa Kibulushi wakaja kulinda ngome za Unguja na Mombasa. Kalat nayo ilivamiwa na Waingereza 1839, Khan Mehrab akauawa. Ikaingizwa Pakistani 1948, na dola yake ikafutwa 1955. Leo wasemaji wa Kibrahui nchini humo wapita milioni mbili, na wengi wao hujiita Wabulushi vilevile.

Kumbe neno moja laweza kubeba watu wa pwani na wa milimani, wenye ndimi mbili zisizo na undugu. Mzee wetu alikuwa wa wapi?

Tulikwenda kwake na karatasi zetu baada ya miezi mitatu. Tulimkuta mwanawe barazani akipokea rambirambi. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Siku ya tatu tulimuuliza kijana lile swali. Akajibu kwamba hajui; aliyekuwa akijua ni baba.

Tumefuta "Pakistani", tukaandika "Mbulushi", kwa penseli.