Shikamoo, Shangazi

Msibani watu husema mengi ya kufariji bila kuyapima, na silaumu. Lakini tulipomzika shangazi, neno moja lilinikwama kooni: kwamba yeye aliondoka zamani, uliobaki ulikuwa mwili tu. Ni kweli ugonjwa wa kusahau ulimmaliza. Hereni alizificha kwenye gunia la mchele, chai aliitia chumvi. Mwanawe wa kumzaa alimdhani marehemu baba yake, akawa anamwamkia kwa unyenyekevu, na kijana wa watu hajui aitike au alie.

Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliandika kitabu kirefu juu ya Utatu, na humo akaitafuta sura ya Mungu ndani ya mtu. Akaiona katika kumbukumbu, ufahamu na utashi. Kwa mwenye akili timamu ni hoja tamu. Kwa sisi tuliomwogesha na kumlisha shangazi, inatisha: kumbukumbu ikishakwenda, na ufahamu ukaifuata, pamebaki nini? Ila tusimwonee Augustino. Yeye mwenyewe alikiri kwamba sura hiyo yaweza kuchakaa hata isionekane, na bado ipo. Natamani angeanzia hapo.

Kitabu cha Mwanzo, kinapoitaja sura hiyo, hakitaji akili. Katika mlango wa tisa, gharika ikiwa imekwisha, damu ya mtu inakatazwa kumwagwa kwa kuwa mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Haiulizwi huyo mtu anakumbuka nini. Mlango wa tano nao unasema Adamu alikuwa na miaka 130 alipomzaa Sethi, aliyefanana naye. Wakati huo Abeli ameshauawa. Hawa anasema amepewa mwingine badala yake, na mimi, Mungu anisamehe, sijawahi kuamini kwamba mama hubadilishiwa mtoto. Mfano ule uliingia katika nyumba yenye msiba, na msiba ukabaki palepale.

Shangazi alisahau jina lake, lakini ukimwambia "Shikamoo" alijibu "Marahaba" papo hapo, tena kwa kuivuta ile silabi ya mwisho kama alivyozoea. Wataalamu watasema mazoea ya utotoni huchelewa kutoka. Sawa. Kisha hata hiyo marahaba ikakatika, na sisi hatukuacha kumwamkia kila asubuhi, watoto wakasukumwa mmoja mmoja mpaka kitandani. Hakuna aliyeona kwamba salamu imekosa mwenyewe.

Nadhani sura ya Mungu iko upande huo: kwa Mungu anayemtambua mtu na kumwita, si katika uwezo wa mtu kuitika. Ingekuwa mali yake shangazi, ugonjwa ungeiiba pamoja na majina ya wanawe. Wala hilo halinipunguzii uchungu. Kama alikuwapo mzima hadi pumzi ya mwisho, basi hakuna nusu yake tuliyokwisha kuililia kabla. Tumefiwa naye mzima, wiki hii, na turubai bado halijashushwa uani.